Alinibana Mara Moja

Pale kwenye uwanja wetu wa barafu, mjini Perm, mtoto akiangusha kikombe cha chai wenzake humpigia kelele, "Gleb!" Wanacheka, yule mtoto anaona haya, anaokota vigae, yanakwisha. Wengi wao hata hawajui kwamba Gleb ndiye yule bwana mwenye mvi anayeendesha mashine ya kulainisha barafu, ambaye pia huwanolea viatu, na kwamba mara nyingi yuko hatua tatu tu kutoka pale, anawasikia. Mimi najua. Kila nikilisikia jina lile naweka kikombe changu mezani, kwa sababu ukweli wa jambo lile nilikuwa nao mimi, na nilinyamaza nao miaka thelathini na mitatu.

Naitwa Taisia. Msinionee huruma, sijaiomba, na mkifika mwisho hamtakuwa nayo.

Nilikabidhiwa kwa Gleb nikiwa na miaka kumi na mmoja, yeye kumi na minane. Ndivyo mwalimu wetu, Nonna Genrikhovna, alivyokuwa akifanya: anakutazama, anamtazama kijana mmoja, anasema "Wewe na huyu," basi mmeshakuwa jozi. Watu wanaotazama kwenye televisheni wanadhani kuteleza kwa jozi ni mwanamume kumbeba msichana. Wapi! Mwanamume anashika na kunyoosha mkono, lakini anayekwenda juu ni msichana mwenyewe, kwa miguu yake. Asiporuka yeye, hata jitu halimpandishi. Na akisharuka, huko juu hana pa kushika ila mkono wa mwenzake, na chini vyuma viwili vya mwenzake vinakimbia kwenye barafu kama baiskeli kwenye mteremko.

Kuzungumza wakati wa kuteleza ilikuwa marufuku. Nonna alitaka tutabasamu tu. Kwa hiyo Gleb alibuni lugha yake, wiki ile ile ya kwanza.

"Sikiliza, Shomoro," aliniambia. Shomoro ndilo jina alilonipa, maana nilikuwa mdogo na sinyamazi. "Kabla ya kunyanyua nitakuwa nimekushika mkono. Nikikubana mara mbili, niko tayari, ruka. Nikikubana mara moja, siko sawa, acha. Tunapita hivyo hivyo tukichekelea kama wajinga."

"Na mimi nikiwa siko tayari?"

"Wewe usiruke tu. Nitafanya nini sasa, nikung'oe kama karoti?"

Sheria nyingine ilikuwa ya Nonna, naye aliirudia kila asubuhi kama dua: mambo yakiharibika huko juu, mwanamume ndiye anayekwenda chini. "Msichana hagusi barafu," alisema. "Wewe ndiwe godoro lake. Umesikia, godoro?" Vijana walicheka, lakini walisikia. Gleb alikuwa akifanya mazoezi ya kuanguka chali peke yake, tena na tena, hadi mgongo ukawa na madoa ya bluu.

Sasa niwaambie habari ya mlango. Kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo Nonna alikuwa amechora mistari ya penseli, na juu yake mmoja mwekundu: sentimita mia na hamsini na sita. Kila Jumatatu msichana anasimama hapo bila viatu, Nonna anamkandamiza kichwani kwa daftari la mahudhurio. Ukiupita ule mstari, huna jozi. Kijana wako anapewa mwingine mfupi, na wewe unakwenda kuteleza peke yako au unarudi nyumbani kumsaidia mama. Nimeona wasichana wakilia pale mlangoni kama waliofiwa.

Kiangazi cha mwaka themanini na tano, nikiwa na miaka kumi na sita, nilirefuka. Nilikuwa nalala nasikia mifupa ikivutana. Jumatatu nikawa nakunja magoti kidogo ndani ya suruali pana. Nonna alijua, wee, yule mama alijua kila kitu, ila msimu ulikuwa karibu, akajitia hamnazo. Nikaacha kula. Bibi yangu alikuwa akikaanga posikunchiki, vile vipai vyetu vya nyama ambavyo ukiuma mchuzi unakurukia shavuni, nami nakaa mbele ya sahani nasema nimeshiba. Gleb ndiye aliyekuwa ananiletea kimoja ndani ya leso.

"Kula, Shomoro."

"Utanibeba wewe?"

"Nitakubeba mimi, nani mwingine? Kula."

Akanibeba kweli. Na bega lake la kushoto likaanza kufa, pole pole, mbele ya macho yangu. Alikuwa akivaa sweta kwa kuingiza mkono ule kwanza, akiuma meno. Siku ya kuondoka kwenda Leningrad kwenye mashindano ya taifa, tulikaa kimya juu ya mabegi kidogo, kama desturi yetu ilivyo kabla ya safari, na nikamwona akijikanda bega akidhani nimefumba macho. Sikumuuliza. Ningemuuliza angenijibu, na sikutaka jibu.

Kulikuwa na nafasi tatu za kwenda mashindano ya Ulaya. Baada ya siku ya kwanza sisi tulikuwa wa tatu. Siku ya pili, dakika ishirini kabla ya zamu yetu, nilikuwa nyuma ya pazia nafunga kamba za viatu, nikamsikia Nonna anazungumza na Gleb kwenye ujia.

"Leo ni leo. Ule mnyanyuo wa mwisho mkiufanya, mnakwenda Ulaya. Mkiuacha, Jumatatu nakupa Larisa, yule mfupi."

"Mwalimu, mimi na Taisia tumetoka mbali."

"Mbali wapi? Mmetoka hapo kwenye basi. Huyu ameshakuwa mlingoti, Gleb. Nimemvumilia hadi leo. Leo tu."

Mimi nilikaa pale na kamba mkononi, roho juu juu. Sikuwa na kitu kingine duniani, muelewe. Shule nilikuwa sijui hata nakaa dawati gani. Nilikuwa na yule kijana, na ule mkono.

Tuliteleza vizuri. Miruko yote ilikubali, watu wakapiga makofi kufuata muziki. Ukabaki ule mnyanyuo wa mwisho. Tukazunguka kona, tumeshikana mikono, nikasikia kidole gumba chake juu ya kifundo cha mkono wangu. Kikabana. Kikaachia. Nikangoja mara ya pili.

Haikuja. Mara moja. Nawaapia, mara moja, wala sikuchanganya. Nilikuwa na muda wa kutosha kuingoja ile ya pili, na ndani ya muda huo huo nikamwona Larisa, mfupi, amesimama mahali pangu. Nikaruka.

Msichana akisharuka mwanamume hana hiari tena. Ama ampokee, ama amwache apasuke kichwa. Gleb alinipokea. Alininyoosha hadi juu kabisa, na kwa sekunde moja niliona taa, na waamuzi, na Nonna ameziba mdomo kwa viganja. Kisha nikasikia kitu kinachanika. Nilidhani ni gauni langu. Ilikuwa bega lake. Akaanza kwenda chini, na akiwa anakwenda akajigeuza, akaniweka juu ya kifua chake, mgongo wake ukapiga barafu na kichwa chake kikapiga baada ya mgongo. Mimi sikupata hata mkwaruzo. Nilisimama mwenyewe.

Walimlaza kwenye benchi la ujia. Nonna akaja mbio, uso umemwiva.

"Kumetokea nini pale? Nani alikosea?"

Nilifungua mdomo. Nawaambia nilifungua mdomo, maana jambo hilo nimejisomea mwenyewe mara nyingi kama utetezi. Lakini Gleb, mweupe kama chokaa, aliwahi.

"Mkono umeniteleza, mwalimu. Kosa langu."

Nikaufunga mdomo wangu. Nikajiambia: ameamua kunifichia. Anajua, ninajua, ni siri yetu sisi wawili. Na kwa kuwa anajua na hanichukii, basi amenisamehe. Nimeishi na hesabu hiyo, na ninyi msidhani niliishi vibaya.

Mkono wake haukupanda tena juu ya bega. Mpaka leo akitaka kitu cha rafu ya juu anapanda kigoda. Mimi Nonna alinitafutia kijana mwingine kutoka Sverdlovsk, mrefu kama mlango wenyewe, ambaye urefu wangu kwake ulikuwa si kitu. Niliteleza naye miaka tisa. Mara mbili nilisimama jukwaani Ulaya na medali shingoni. Na kila mwandishi wa habari aliuliza swali lile lile: baada ya kuangushwa vile, ulipata wapi moyo wa kupanda tena mikononi mwa mwanamume? Mnajua nilijibu nini? Nilisema, "Nilimsamehe Gleb." Mdomo huu huu! Waliandika magazetini, wakaweka na picha.

Niliporudi Perm kuwa mwalimu nilimkuta kwenye mashine yake. "Habari, Shomoro." "Nzuri, Gleb." Hivyo tu, miaka nenda miaka rudi. Hakuoa. Watoto wote wanampenda, hao hao wanaolipigia kelele jina lake, maana viatu akinoa yeye vinashika barafu bila kelele.

Sasa nifike kwenye lililonifungua mdomo. Mwaka huu mwalimu wetu wa minyanyuo alihamia Moscow, akatuachia jozi moja nzuri katikati ya msimu: Ustinya, binti wa miaka kumi na mitatu ambaye mimi namfundisha kuteleza tangu ana tisa, na Makar wa kumi na saba. Mimi siwezi kufundisha minyanyuo. Nafahamu kupanda. Kuwa chini ya mtu mwingine sijawahi. Kumbe Gleb alikuwa akimfundisha Makar kwa siri nyuma ya chumba cha kunolea, kwa mfuko wa unga, namna ya kupokea na namna ya kwenda chini. Nilipoona jinsi yule kijana anavyoanguka, nilikaa chini nikalia. Nikaenda kwa mkurugenzi, nikamwambia mpe Gleb hii jozi. Akasema yeye hana neno, ila wazazi wakubali.

Mkutano ulikuwa Jumamosi mchana, juu kwenye mgahawa. Akina mama walileta vipai. Watoto walikuwa wamekaa dirishani, Gleb amekaa kando yangu na koti lake la kazini. Mama yake Ustinya, Inessa, ndiye aliyeanza, na si mama mbaya, niseme ukweli.

"Mwalimu Taisia, sisi tunakuheshimu. Lakini mtoto wangu mmoja huyu nimkabidhi mtu aliyekuangusha wewe mwenyewe mbele ya nchi nzima?"

"Ni mtu mwangalifu kuliko wote ninaowajua," nikasema.

"Mwangalifu!" akadakia baba mmoja kutoka nyuma. "Waulize vikombe!"

Wakacheka. Gleb naye akacheka, akasema, "Kweli, mimi na vikombe hatupatani." Akaanza kusimama ili aondoke, taratibu, asije akamwudhi mtu. Nami nikamshika koti. Akanitazama usoni, na sijui aliona nini, ila alikaa tena, na chini ya meza akanishika mkono. Miaka thelathini na mitatu mkono ule ulikuwa haujanishika. Kidole gumba kikaja juu ya kifundo. Kikabana mara moja. Kikatulia.

Acha.

Nikasimama.

"Hakuniangusha," nikasema. Sauti ilinitoka kama ya mtu anayegombana sokoni. "Nisikilizeni vizuri, maana sitarudia. Tulikuwa na ishara. Mara mbili, ruka. Mara moja, acha. Siku ile Leningrad alinibana mara moja. Nilisikia. Nikaruka kwa makusudi, kwa sababu niliogopa kuachwa. Angeweza kuniacha nipasuke, yeye akabaki na bega lake na maisha yake. Akaenda chini yangu. Mimi nikaondoka na medali, yeye mkampa vikombe."

Mkurugenzi alikuwa ameshika kipai, mchuzi ukimtiririkia kwenye mkono wa shati, hana habari. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hasira za wazazi. Sikuwa nimejiandaa kwa Gleb.

"Ulisikia?" akauliza, polepole sana.

"Nini?"

"Ile. Ulisikia nilivyobana?"

"Nilisikia."

"Mara moja?"

"Mara moja, Gleb. Kwani hukujua?"

Akawa ananitazama kama mtu anayesomewa barua. "Ningejuaje, Taisia? Mkono ulikuwa na ganzi tangu asubuhi. Moyoni nilisema nimebana mara moja. Lakini wewe ukaruka. Na wewe hukuwahi kukosea, hata siku moja, tangu ukiwa mtoto. Nikasema basi ni mimi. Nimebana mara mbili kwa mazoea, nimemwita msichana juu na sina mkono wa kumshika." Akapangusa mdomo. "Miaka yote hii nasema nilikaribia kukuua."

Akafunika uso kwa mkono wake mmoja, ule mzima, akalia pale pale mbele ya wazazi na watoto, mtu wa miaka hamsini na sita. Nami nilisimama kando yake na mikono inaning'inia. Nilikuwa nimedhani tunaibeba siri pamoja. Kumbe niliibeba mimi kama pambo, na yeye dhambi yangu aliibeba kama yake, kila siku, akipita na ile mashine juu ya barafu. Nilimwibia bega, sawa, hilo nililijua. Sikujua kama nilimwibia na usingizi. Neno moja tu lingemtosha, nami nilikuwa nalo mdomoni wakati wote nikimpa "Nzuri, Gleb."

Inessa ndiye aliyetangulia kusema. Hakumwuliza Gleb chochote. Alinigeukia mimi.

"Na wewe ndiwe uliyekuwa na mwanangu miaka minne."

"Ndiyo, mimi."

"Sawa," akasema. "Nimekusikia."

Gleb alipewa jozi. Mimi mkurugenzi aliniita, akaniambia wazazi wameomba nikae mbali na barafu hadi msimu uishe, halafu tutaona. Nilimwambia wana haki. Alitaka kunifariji, nikamwambia aache, tusichoshane. Gleb alikaa siku kumi na moja bila kunisalimia, nami sikumfuata. Ningemfuata nimwambie nini? Siku ya tatu mtoto mmoja aliangusha kikombe mgahawani na hakuna aliyepiga kelele.

Siku ya kumi na mbili nilikwenda asubuhi, nikakaa juu kwenye viti vya watazamaji, kwenye baridi, kama bibi wa mtu. Gleb alikuwa kwenye barafu na viatu vyake vya zamani, mkono wa kushoto umelala ubavuni. Ustinya na Makar walikuwa wakizunguka kona wameshikana mikono. Wanakuja kwa kasi, Makar anambana, msichana anabaki chini, wanapita. Wanarudi. Anambana, anabaki chini, wanapita. Nilihesabu mara kumi na tisa.

"Mjomba Gleb!" Ustinya akalalamika. "Sasa tutaruka lini?"

"Ukishajua kuacha."

"Lakini kuacha ni rahisi!"

"Eti rahisi!" Gleb akasema. Akainua macho kule juu nilikokaa. Akanitazama kwa muda, nami nikajiandaa kuondoka. "Shomoro," akaita. "Una viatu?"

Vilikuwa ndani ya begi. Huwa viko ndani ya begi. Nilishuka, nikavivaa, Ustinya akanisaidia kamba. Nikaingia kwenye barafu nikiwa na umri wa miaka arobaini na tisa na nyonga mbovu. Gleb akanipa mkono wa kulia, ule wenye uhai, tukaanza kuzunguka ile kona taratibu huku watoto wanatazama. Kidole gumba kikaja juu ya kifundo changu, kikabana mara moja. Nikangoja. Miguu yangu yote ilitaka kuruka, niwaambie ukweli, hata katika umri huu. Nikabaki chini, tukapita mbele yao tumeshikana mikono, tukaenda hadi upande wa pili.